Mwezi upi? Hotuba kuhusu njaa, sera na familia za kipato cha chini

Ndugu mwenyekiti, waalikwa wote, na ninyi mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, asanteni kwa kunisubiri.

Naomba nianze na swali lililonishinda. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikijitolea kuwasaidia watu kujaza fomu za kuomba msaada wa chakula. Fomu yenyewe ilikuwa na kurasa sita. Siku moja akaketi mbele yangu mama mmoja wa makamo, kibarua, mwenye watoto watatu, mdogo kamlalia mapajani. Tulikwenda vizuri mpaka swali la 14: "Taja kipato chako cha mwezi." Nikamsomea. Akaniangalia kama mtu anayengoja sentensi iishe, kisha akauliza, "Mwezi upi?"

Nikadhani hajasikia, nikarudia. Naye akarudia: mwezi upi? Mwezi uliopita alipata kazi siku 19. Mwezi wa kabla ya huo, siku 4. Huu tuliokuwa nao, hajui bado. Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja tu. Tukiandika mwezi mzuri, anavuka kiwango na kunyimwa. Tukiandika mwezi mbaya, siku mkaguzi akija kulinganisha anaambiwa amedanganya. Tukipiga wastani, tunaandika fedha ambazo hajawahi kuzishika mkononi hata mwezi mmoja.

Nimeanza hapo makusudi. Tukitaja njaa, mawazo hukimbilia ardhi iliyopasuka na mifugo iliyobaki mifupa. Ukame upo, vita vipo, na vinaua. Lakini njaa ya familia ninazozijua mimi, zile zinazofanya kazi na bado zinaruka mlo, huingia ndani kwa mlango wa kanuni: tarehe ya malipo, kiwango cha kipato, cheti kinachodaiwa, kisanduku kisichotosha maisha ya mtu. Sheria ikisomwa bungeni huwa nzuri na watu hupiga makofi. Kanuni ndogondogo huandikwa baadaye, na hizo wasomaji wake ni wawili, karani na mwenye njaa.

Ripoti ya mwaka 2025 ya FAO, shirika la chakula na kilimo, na mashirika wenzake ya Umoja wa Mataifa inakadiria kuwa watu milioni 673 walikuwa na njaa mwaka 2024. Ripoti hiyohiyo inasema watu wapatao bilioni 2.6 hawakumudu gharama ya mlo kamili. Tazameni pengo lililopo kati ya tarakimu hizo mbili. Hao karibu bilioni mbili wa katikati si kwamba wameishiwa chakula kabisa. Wanakiona sokoni kila siku, na wanarudi nyumbani na kile walichomudu.

Mwaka 1857 mtakwimu Mjerumani aitwaye Ernst Engel alipitia hesabu za matumizi ya familia za wafanyakazi wa Ubelgiji, akaona jambo ambalo halijapingwa hadi leo: kadiri familia ilivyo maskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya matumizi yake inavyokwenda kwenye chakula. Hilo wengi mnalijua. Ninaloongeza ni la upande wa pili wa hesabu. Kodi ya nyumba ina mwenyewe, atagonga mlango. Nauli usipolipa, unashushwa. Mkopo una riba na una wadhamini. Dawa ya mtoto haiahirishwi. Katika orodha yote hiyo, chakula ndicho peke yake kisicho na mdai. Sufuria halipigi hodi. Kwa hiyo kila kitu kingine kikipanda, kinachokatwa ni mlo, na anayeanza kuukata ni mama, kimyakimya, akisema ameshiba.

Ndiyo maana mimi huwa sielewi tunapogawana kazi na kusema njaa ni ya wizara ya kilimo. Sera ya kodi za nyumba ni sera ya chakula. Ada za shule na nauli za mabasi ni sera ya chakula. Kima cha chini cha mshahara ndicho sera ya chakula iliyo kubwa kuliko zote, na kodi ya ongezeko la thamani inayowekwa kwenye bidhaa za lazima inafuata nyuma yake, kwa sababu anayetumia karibu kila anachopata hulipa kodi hiyo karibu kwa kila anachopata, ilhali mwenye akiba hulipa kwa ile sehemu anayotumia tu.

Sasa turudi nyuma kidogo, nionyeshe kwamba hili la kanuni halikuanza na kompyuta.

Mwaka 1847 Ireland ilikuwa katikati ya baa la njaa lililoua watu wapatao milioni moja. Bunge la London, lililoitawala Ireland wakati huo, likapitisha nyongeza ya sheria ya kuwasaidia maskini, na mbunge aitwaye William Gregory akachomeka kifungu kimoja: anayemiliki au kukodi zaidi ya robo eka ya ardhi hatapata msaada wa umma mpaka aiachie. Robo eka! Basi jiwekeni mahali pa mkulima yule. Mazao yameoza mwaka wa pili mfululizo, watoto wamevimba miguu, msaada upo, na sharti ni kuachia kile kipande pekee kitakachowalisha ugonjwa wa mimea ukipita. Wako walioachia, wakala, kisha wakabaki bila makao wala shamba. Wako waliokataa, wakafa wakiwa na shamba lao.

Robo eka ya leo ni akiba ya benki. Programu nyingi za misaada zina kanuni kwamba ukiwa na akiba inayozidi kiasi fulani, hustahili. Kwa karani anayetafuta maskini wa kweli, inaingia akilini. Lakini akiba ndogo ndiyo inayomzuia mtu asirudi kwenye foleni mwezi ujao kibarua kikikatika. Tunamwambia amalize kwanza kile kinachomsimamisha, akishaanguka ndipo tumshike mkono.

Mfano wa pili ni wa Bengal, jimbo la India iliyokuwa chini ya Waingereza, mwaka 1943. Makadirio ya waliokufa ni kati ya milioni mbili na tatu. Mvulana mmoja wa miaka tisa aliyeiona njaa ile kwa macho yake, Amartya Sen, alikuja kuwa mwanauchumi, na mwaka 1998 akapewa Tuzo ya Nobel. Alipozipiga hesabu za mavuno aligundua kwamba chakula kilichokuwapo mwaka 1943 kilizidi cha mwaka 1941, na 1941 hakukuwa na baa la njaa. Kilichobadilika ni nani aliweza kukinunua. Matumizi ya Vita vya Pili vya Dunia yalipandisha bei. Wafanyakazi wa Calcutta, jiji kuu la jimbo hilo, waliohitajika kwa vita walitengewa chakula cha bei nafuu. Vibarua wa mashambani ujira wao ulibaki nyuma ya bei. Wavuvi wa pwani walikuwa wameshanyang'anywa mashua mwaka 1942, serikali ikihofia zitatumiwa na Wajapani. Kila uamuzi ulikuwa na sababu yake na mhuri wake. Hakuna aliyeandika mahali popote kwamba kibarua na mvuvi wafe.

Kuna wasomi wanaobishana na Sen kuhusu takwimu za mavuno yale, na wana haki ya kubishana. Sijaona anayebisha kwamba ujira ulishindwa kuifuata bei.

Sasa mfano ninaoupenda zaidi, kwa sababu hauna vita wala ukame ndani yake. Marekani ina programu ya msaada wa chakula ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 1964. Familia ilipewa stempu za kununulia chakula, ila ilitakiwa kwanza kulipa fedha taslimu kuzipata. Unatoa kiasi chako, unapewa stempu za thamani kubwa kuliko ulichotoa. Kwenye karatasi ilikuwa busara: kila mtu achangie kidogo. Mitaani ilimaanisha kwamba aliyeamka bila senti, yaani yule hasa aliyelengwa, alibaki nje ya dirisha. Sheria ya mwaka 1977 ikaliondoa sharti hilo. Januari 1979, mwezi mabadiliko yalipoanza kutekelezwa, walioingia kwenye programu waliongezeka kwa watu milioni moja na nusu. Kwa mwezi mmoja! Mashamba hayakuongezwa na mvua ilikuwa ileile. Ilifutwa sentensi moja.

Mnaona kwa nini nasema tusome kanuni.

Naona mwenyekiti ameangalia saa. Nitakwenda haraka, ila kwenye hili la kiwango cha kipato naomba nikae kidogo, maana ndilo linalowachanganya hata wataalamu.

Tuseme serikali imeweka kiwango cha 100, na walio chini yake wanapewa posho ya 30. Mwenye kipato cha 99 anaishi kwa 129. Akiongezewa kazi kidogo akafika 101, anapoteza posho yote, anabaki na 101. Ameongeza jasho, amepunguza chakula. Halafu tunaandika magazetini kwamba maskini hawapendi kazi! Yule mtu amepiga hesabu vizuri kuliko aliyeandika kanuni. Anakataa saa za ziada, anaogopa kupandishwa cheo, anamwomba bosi amlipe nusu mwezi huu na nusu mwezi ujao.

Dawa yake inajulikana: posho ipungue polepole badala ya kukatika ghafla. Uingereza imefanya hivyo katika mfumo wake mkuu wa posho, na mwaka 2021 ikapunguza makato kutoka peni 63 hadi peni 55 kwa kila pauni anayoongeza mfanyakazi baada ya kodi. Ni afadhali, lakini hebu lipigieni hesabu: unafanya kazi ya pauni, unaondoka na peni 45, na bado hujalipa nauli ya kufika kazini wala mtu wa kukulelea mtoto.

Mfumo huohuo wa Uingereza una jambo jingine, muda wa kungoja. Aliyeomba kwa mara ya kwanza husubiri kama wiki tano ndipo apate malipo. Kabla ya mwaka 2018 zilikuwa sita. Anaweza kupewa malipo ya awali, ila ni mkopo, unakatwa baadaye kwenye posho yenyewe. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na sidhani kama kuna mahali methali hiyo imewahi kukaa sawasawa kuliko hapa. Wiki tano kwa mtu mwenye akiba ni usumbufu. Kwa asiyekuwa nayo, wiki ya kwanza anakopa kwa jirani, ya pili anakopa kwa mwenye riba, ya tatu anauza kitu. Na kinachouzika katika nyumba ya fundi ni nini? Ni cherehani, baiskeli, zana za kazi. Fedha za serikali zinapofika, zinamkuta mtu aliyekuwa na njaa na kazi sasa ana deni na hana kazi.

India walijaribu kuigeuza saa hiyo ya kungoja iibane serikali badala ya mwombaji. Sheria ya dhamana ya ajira vijijini ya mwaka 2005 iliipa kila kaya ya kijijini iliyo tayari kufanya kazi za mikono haki ya siku 100 za kazi ya ujira kwa mwaka. Mtu akiomba kazi na serikali isimpe ndani ya siku 15, iliwajibika kumlipa posho ya kukosa kazi. Utekelezaji ulichechemea, ujira ulichelewa mara nyingi, na maafisa walijifunza ujanja wa kutopokea maombi ili saa isianze kuhesabu. Nayasema haya kwa sababu sipendi kusifia sheria za mbali kana kwamba hukohuko zinafanya kazi zenyewe. Hata hivyo kitu kimoja kilibadilika: aliyecheleweshewa alikuwa na kifungu cha kushika anapokwenda kulalamika. Awali alikuwa na huruma ya afisa tu.

Na hukohuko India lilitokea jambo linalonirudia kila nikiona vifaa vipya vinazinduliwa. Ili kuzuia udanganyifu, watu walianza kutakiwa kuweka kidole kwenye mashine ndipo wapewe mgao wao wa nafaka. Mikono ya watu waliobeba matofali na kushika jembe maisha yao yote imesagika. Alama za vidole zimefutika. Mtu anaweka kidole, mashine inakataa. Anajifuta kwenye nguo, anajaribu tena, anaweka cha pili, cha tatu, watu nyuma wanaguna. Anarudi nyumbani na mfuko mtupu, na katika kumbukumbu za ofisi haonekani kama mtu aliyenyimwa. Anaonekana kama mtu ambaye hakuja.

Nimeulizwa mara nyingi, na najua nitaulizwa leo: tukiwapa fedha, hawatabweteka? Swali si la kubezwa. Kuna ruzuku mbovu. Ruzuku ya bei inayomfikia kila mnunuzi humnufaisha zaidi anayenunua zaidi, yaani tajiri. Fedha zikimwagwa mahali ambapo bidhaa hazifiki, bei ndiyo inayoshiba. Lakini kuhusu kubweteka, tathmini zilizofanywa katika nchi kadhaa zinazohawilisha fedha kwa kaya maskini hazikuona watu wazima wakiacha kazi kwa kiasi cha kutajika. Marekani nako kulitokea jaribio lililokuja kwa sababu ya janga la korona. Kuanzia Julai hadi Desemba 2021, familia nyingi zililipwa kila mwezi dola 300 kwa kila mtoto wa chini ya miaka 6 na dola 250 kwa mkubwa zaidi, hata kwa wazazi wasio na kipato kabisa. Kwa kipimo cha ziada cha serikali kinachohesabu kodi na misaada, umaskini wa watoto mwaka ule ulikuwa asilimia 5.2. Bunge halikuongeza muda wa malipo hayo, misaada mingine ya korona nayo ikaisha, na mwaka 2022 kipimo kikasoma asilimia 12.4. Sidhani wazazi wa nchi nzima walibadilika tabia usiku wa mwaka mpya.

Brazil ni mfano mrefu zaidi, naugusa tu. Mwaka 2003 walianzisha Bolsa Família, malipo kwa familia maskini, mara nyingi yakipitia mikononi mwa mama, kwa sharti la watoto kwenda shule na kupata chanjo. Mwaka 2009 sheria ikataka angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shuleni zinunue kutoka kwa wakulima wa familia, hivyo fedha ileile ikamlisha mtoto na ikampa mkulima mdogo mteja wa uhakika. Mwaka 2014 nchi ikatoka kwenye ramani ya njaa ya FAO, yaani orodha ya nchi ambazo njaa imeenea. Januari 2019 serikali mpya ikalivunja baraza la taifa la usalama wa chakula, programu nyingine zikapungukiwa, kisha korona ikaja. Takwimu za 2019 hadi 2021 zikairudisha Brazil kwenye ramani. Baraza likarejeshwa 2023, na mwaka 2025 ikatangazwa kwamba nchi imetoka tena. Udongo wa Brazil ulikuwa uleule muda wote huo.

Ninyi mliopo hapa, baadhi yenu ndio mnaoandika kanuni. Mimi siombi huruma yenu. Nikilazimika kuchagua kati ya makosa mawili, kumpa asiyehitaji au kumnyima anayehitaji, nachagua la kwanza bila kusita, kwa kuwa fedha iliyopotea inaweza kutafutwa, ila mtoto aliyedumaa katika siku 1,000 za kwanza, tangu mimba hadi miaka miwili, ni vigumu mno kumrudishia kimo na uwezo alioupoteza. Mkaguzi wa hesabu hataandika habari za mtoto huyo. Ataandika za yule mmoja aliyepewa kimakosa, na gazeti litamweka ukurasa wa kwanza. Najua shinikizo hilo, na najua ni rahisi kwangu kusema nikiwa sina saini ya kuweka.

Mtataka kujua tuliandika nini kwenye swali la 14. Tuliandika mwezi uliopita ndani ya kisanduku, na pembeni, kwa herufi ndogo, miezi mingine miwili na sababu ya tofauti. Fomu ilirudi baada ya wiki tatu. Karani alikuwa ameizungushia ile pembeni wino mwekundu na kuandika: "Usiandike nje ya kisanduku." Tukajaza upya, tukaanza kungoja upya. Hatimaye alipewa, mwezi ambao kwa bahati alikuwa na kazi.

Nimekuja na nakala za fomu hiyo, nimefuta jina la ofisi, ziko mezani pale karibu na mlango pamoja na kalamu. Wenye mshahara wa mwisho wa mwezi mtaimaliza upesi. Wale mnaoishi kwa kibarua, kwa biashara ndogo, kwa msimu, jazeni kama mnavyoishi hasa, na msitoke nje ya kisanduku. Nitazikusanya kabla ya kikao cha mchana, na naomba wale ndugu watatu wa wizarani waliokaa safu ya mbele tukazisome pamoja.